Mikono Nyuma ya Pazia la Mama Pembetatu

Saa mbili na nusu asubuhi. Mama Pembetatu anadondosha kipande cha manda, ile ngozi nyembamba ya unga ya kufungia sambusa, kwenye karai la mafuta, kisha anatega sikio. Kikizama na kukaa kimya, mafuta bado. Kikipiga kelele na kuwa cheusi, moto umezidi. Hiki kinapanda taratibu, kinachemka pembeni.

"Haya, sasa tumeelewana," anayaambia mafuta, na kuanza kutumbukiza sambusa moja moja.

Nyumba ni vyumba viwili, na cha mbele ndicho jiko. Juu ya stuli karibu na dirisha kuna sinia la kabichi, karoti na njegere zinazopoa. Mboga anazikaanga kidogo tu, na chumvi huitia mwisho kabisa. Kabichi ikiwahi kuonja chumvi hutoa maji, na manda ikilowa haiwi kavu tena hata uikaange mpaka jioni. "Na ukijaza mboga za moto, umejitafutia kesi," anasema.

Huuza sambusa za mboga mia moja na ishirini kwa siku, na hajawahi kuzitembeza. Chema chajiuza. Wateja huja mlangoni na vyombo vyao, na wao ndio waliompa jina hilo, kwa sababu ya pembe tatu za sambusa zake: zimechongoka, zimekazwa, hazivuji hata tone.

"Kila sambusa tano, tatu zinarudi sokoni kununua mafuta, unga na mboga. Ya nne ni kodi ya nyumba. Ya tano ndiyo mimi," anasema huku akicheka. "Sasa mvua inyeshe siku tatu, wateja wasitoke. Hapo hata ile ya nne siioni."

Lakini leo hacheki sana. Saa nne anakuja msimamizi wa kantini ya chuo kilicho mtaa wa pili. Akiridhika, Mama Pembetatu atapeleka sambusa mia moja na hamsini kila siku ya kazi, mvua au jua. Na kinachomkosesha raha si ladha. Kila mara anageuka kulitazama pazia la maua linalotenga jiko na chumba cha ndani.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Zile pembe hazifungi yeye.

Nyuma ya pazia, mbele ya meza ndogo, ameketi mumewe. Amekuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na moja, hadi macho yalipoanza kumgomea miaka minne iliyopita. Sasa anaona mwanga na vivuli tu. Pazia lenyewe ndiyo kazi yake ya mwisho. Tangu alimalize hajashika sindano, na cherehani imefunikwa shuka kama mgonjwa.

"Mimi zangu zilikuwa zinavuja, sikufichi," mkewe anakiri. "Kabichi inaogelea, sambusa imebaki koti tupu. Siku moja nalalamika, nikamsikia: 'Hebu leta hapa.' Akakipapasa kile kipande cha manda, akasema, 'Kumbe kola tu hii!'"

Siku hiyo hiyo Fundi alifunga arobaini, zimenyooka kama kola za shati la harusi. Tatizo ni moja: mshonaji amezoea kumaliza mshono. Alizifunga pande zote kabla ya kutia mboga. Mkewe alikuwa na haraka, akazimimina karaini. Zikavimba, zikapendeza, akadhani ndiyo ufundi wenyewe. Jioni seremala wa jirani alirudi na sahani yake: "Mama, leo umetuuzia upepo?"

"Mpaka leo akipita anamuuliza kama upepo upo," anasema Fundi kutoka ndani, naye anacheka.

Sharti lake lilikuwa moja: mtu asijue. "Nilikuwa navalisha maharusi," anasema. "Leo waje waseme Fundi kaishia kukunja manda?"

Mkewe alikubali, ila jambo hilo halimtulii moyoni. "Watu wakisifu pembe, naitikia mimi. Sifa isiyo yako inakwama kooni. Lakini nilishampa neno langu."

Saa nne kamili msimamizi anabisha hodi, mwanamke mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Anakagua ndoo za maji, ananusa mafuta, anakula sambusa moja. Anachukua ya pili.

"Tamu," anasema. "Sasa, mama, kabla hatujakubaliana, nifungie kumi nione."

Mama Pembetatu anashika manda. Ya kwanza inakaa upande. Ya pili inaachia chini, njegere zinabingirika sakafuni. Msimamizi anavaa miwani.

"Na hizi nilizokula, umezifunga wewe?"

Mama Pembetatu anainama, anaokota njegere moja moja. Anaona kantini inaondoka, na neno lake kwa mumewe limemziba mdomo.

Kikohozi kinasikika ndani. "Mke wangu, weka chini. Utanimalizia manda."

Pazia linasogea. Fundi anatoka taratibu, kiganja kimoja ukutani.

"Shikamoo, mzee," anasema msimamizi.

"Marahaba, binti yangu. Ulizokula nimezifunga mimi. Yeye anapika, mimi nashona."

Anaketi. Kidole gumba kinapita ukingoni mwa manda, kinapima. Mikunjo miwili, imekuwa koni. Kijiko cha mboga, uji mzito wa ngano kwa ncha ya kidole, anabinya pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kumi zinaisha kabla mkewe hajamaliza kukoleza moto. Zinaingia karaini, na mafuta yanabaki safi.

"Na kwenye moto unafika, mzee?"

"Moto ni wa kwake. Mimi sivuki meza hii."

Msimamizi anaondoka akiwa amekubali kuanza nao Jumatatu, kwa mwezi mmoja wa majaribio. Sharti la kantini ni kwamba wapishi wote wavae aproni. Mama Pembetatu anajifuta macho na kusema ni vitunguu, ingawa vitunguu vilikatwa tangu alfajiri.

"Mwezi ukienda vizuri, natafuta meza kubwa," anasema. "Tukae wote wawili, kila mtu amwone. Aproni nitanunua kesho."

"Kununua?" Fundi anauliza. "Nyumba hii haina fundi?"

Anapapasa hadi mlangoni, analishika pazia la maua, analipima kwa mkono kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole.

"Hili linatoa mbili."

"Na mlango ubaki wazi?"

"Kwani tunaficha nini?" Anaketi, pazia mapajani. "Wewe nitungie uzi tu."

Mama Pembetatu anafungua droo ya cherehani. Anatunga uzi, anapiga fundo, na kumwekea mumewe sindano kiganjani.