Sifuri Niliyompa kwa Kinaya

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Kicukiro, na kama kuna kitu kinachonipandisha hasira ni mwanafunzi anayebishana na daftari. Namaanisha daftari langu mimi, la tamathali za semi, nililolibeba kutoka Tanzania nilikozaliwa na kusomea kabla familia yetu haijarudi Rwanda. Humo kila kitu kimenyooka. Tashbihi hulinganisha kwa kutumia "kama". Sitiari hulinganisha bila kuomba ruhusa ya mtu. Tashihisi hulipa jiwe akili za binadamu, mubalagha hutia chumvi, tafsida hulipunguzia neno makali yake. Naandika ubaoni, wanakopi, wanakariri, tunaonana kwenye mtihani.

Sikatai, wapo wanaotunga mifano yao wenyewe. Kijana mmoja asiye na hata unywele mmoja kidevuni aliandika kwamba foleni ya mabasi ya Nyabugogo ilikuwa ndefu hadi akaota ndevu, nikampa alama zote za mubalagha. Mwingine, kwenye tafsida, aliandika kwamba mwalimu wao hana upara, ila paji lake la uso limepandishwa cheo. Nilizunguka na karatasi hiyo siku nzima nikitafuta kosa. Sikuliona, nikampa alama zake huku nimenuna.

Ila kulikuwa na msichana wa kidato cha tano. Swali lilisema: toa mfano wa kinaya. Kwenye daftari langu kinaya ni kusema kinyume cha unachomaanisha, na mfano ni mtu aliyelowa chapachapa anayesema leo hali ya hewa ni nzuri. Darasa zima lilinirudishia mvua yangu ileile. Yeye akaandika kwamba bibi yake akimwona mgeni anayempenda sana humwambia, "Huyu naye, amekuja kutumalizia chakula." Nilimchorea sifuri ya kushiba, na pembeni nikaandika: haya ni matusi kwa mgeni.

Alinifuata ofisini na karatasi yake mkononi. "Mwalimu, kwetu iko hivyo," akasema. "Mgeni asiyeambiwa hivyo anajua hapendwi." Nikamwambia kwao ni kwao na mtihani ni mtihani, aende akasome daftari. Akanishukuru sana kwa maelezo mazuri. Ilinichukua miezi kugundua kwamba hata shukrani ile ilikuwa kinaya.

Sasa balaa lenyewe: dada wa msichana huyo ndiye aliyekuwa mchumba wa mdogo wangu. Na mdogo wangu huyu ndiye kitinda mimba wetu. Wazazi walipofariki alikuwa bado anavaa kaptula za shule, nikamlea mimi. Sijawahi kumwambia kwamba nampenda, kwetu hatusemi hivyo, lakini nampenda kuliko vitu vingi ninavyovitaja kwa sauti.

Siku ya kwenda kuomba mke, ile wanayoiita gusaba, mshenga wetu alikuwa awe baba mdogo, mtu mwenye maneno hadi ya kugawia majirani. Siku mbili kabla, sauti ikamkauka kabisa. Ukoo ukakutana, wote wakanigeukia mimi. Wewe si ndiye mwalimu wa fasihi, wakasema, maneno si ndiyo kazi yako? Mdogo wangu alinisindikiza hadi nje ya lango. "Kaka, usiniangushe," akaniambia. Tangu utotoni hakuwahi kuniomba kitu kwa sauti ile.

Niliandika kurasa nne. Takriri tatu, tashbihi sita, sitiari sikuzihesabu, na ng'ombe mmoja wa mahari niliyemfanyia tashihisi hadi akawa anacheka. Baba mdogo, kwa kuandika kwenye kipande cha karatasi, alinitahadharisha kwamba upande wa binti watakataakataa kidogo. Hiyo nilijua. Sikuwa mgeni wa sherehe hizi, nimehudhuria nyingi, lakini kila mara nilikaa viti vya nyuma karibu na vyakula, nikipiga soga, wakati wasemaji wakijibizana huko mbele. Kule nilikokulia posa hupelekwa kwa barua, na jibu likija ni ndiyo au hapana. Kukataa kidogo nilikudhania ni utani, watu wanacheka, unacheka, mnaendelea.

Asubuhi ya Jumamosi tukawa Muhima, nyumbani kwao binti, mahema mawili yakitazamana, wao huku na sisi kule. Mdogo wangu alibaki chini barabarani ndani ya gari na rafiki zake, suti imembana, akisubiri aitwe, maana muoaji haingii mpaka apewe ruhusa. Msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa binti, fundi cherehani mstaafu, mzee mfupi mwenye fimbo na uso usio na hata chembe ya tabasamu. Akatuuliza sisi ni akina nani na tumepotea wapi njia. Nikasimama na kurasa zangu, nikasema tumesikia nyumba hii ina binti.

"Alikuwepo," mzee akasema. "Wenzenu walikuja juzi, tukawapa. Mmechelewa."

Nilingoja watu wacheke. Hakucheka mtu. Hema lao lote lilinyamaza, akina mama wakaangalia chini kwa huzuni. Hapo nikakumbuka kwamba juzi hiyohiyo mdogo wangu alilalamika mchumba wake hapokei simu kutwa nzima. Nikajibu polepole kwamba pengine mzee anazungumzia binti mwingine. Akataja jina la binti, la shule aliyosoma, na akasema anamsikitikia kijana wetu kwa sababu alionekana mtu mwema. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

Nikakunja kurasa zangu nne. Nilikasirika, wacha niseme ukweli, na chini ya hasira kulikuwa na uchungu, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia mdogo wangu aliyekaa garini. Nikasema basi wazee, tunaomba radhi kwa usumbufu, hatukuwa na habari, tunawatakia kila la heri. Nikaugeukia upande wetu nikawaambia wasimame twende zetu. Shangazi akanivuta koti, nikajinasua. Baba mdogo alipunga mikono kama anafukuza nyuki, mdomo wazi, sauti hakuna. Mimi huyo, nikaanza kuondoka.

Nilikuwa nimeufikia mlango wa hema pale mwanafunzi wangu aliposimama mbele yangu. Alikuwa amevaa umushanana, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, ameshika sinia la maziwa, na uso umempauka. Akaninong'oneza kwa Kiswahili, akidhani ni siri, wakati Muhima nzima inakielewa.

"Mwalimu, usitoke. Hiki ndicho kinaya."

Niligeuka. Yule mzee alikuwa amesimama palepale, na sasa ule uso wake mkavu ulikuwa na hofu. Miaka yote ya kukataa wakwe, hakuna hata mmoja aliyewahi kukubali akaondoka. Nikitoka, yeye ndiye atakayekuwa amemfukuza mume wa binti yao, na kusema "nilikuwa natania" hawezi, kwani atakuwa ameiua sherehe kwa mkono wake. Nikawatazama wale akina mama walioangalia chini. Mabega yao yalikuwa yanatikisika. Wote walijua, kuanzia watoto hadi wapiga picha. Mimi peke yangu, mwenye daftari, ndiye sikujua, na nikaelewa pale pale ni nini kilichokosekana kwenye maana yangu: haitoshi kusema kinyume, lazima anayesikia awe mtu wa nyumbani.

"Mgeni anaondoka bila kunywa maziwa?" mzee akauliza, na sauti ilimkwama kidogo. "Tumekukosea nini?"

Kurasa nne zilikuwa mfukoni na hakuna hata mstari mmoja uliofaa. Nikarudi polepole hadi mahali pangu. "Siondoki," nikasema. "Nimesimama kunyoosha miguu tu, maana naona tutakaa hapa hadi huyo binti msiye naye atuletee maziwa yeye mwenyewe."

Mahema yote mawili yalilipuka kwa kicheko. Mzee alicheka hadi akaegemea fimbo, akifuta jasho zaidi ya machozi. Tulibishana mimi na yeye saa nzima nyingine. Nilimwambia ng'ombe wetu ni wembamba na wavivu, akaniambia hao hata bure hawawataki, kisha akauliza wako wangapi. Mwishowe mdogo wangu akaitwa. Alipanda kutoka barabarani akiwa ametota jasho, akanitafuta kwa macho kabla ya kumtafuta mchumba wake, nikamtikisia kichwa kwamba mambo ni shwari. 

Jioni haijaingia, tukaanza kuaga. Langoni alikaa bibi kizee mdogo wa mwili, amejifunika khanga mabegani, na mwanafunzi wangu kando yake. Bibi akanitazama toka kiatuni hadi kwenye paji langu la uso lililopandishwa cheo.

"Huyu naye," akasema, "amekuja kutumalizia maziwa. Asirudi tena hapa."

Msichana alinikazia macho kama msahihishaji aliyeshika kalamu nyekundu. Nikainama, nikamshika bibi mikono yote miwili, nikamwambia kwamba kwa maziwa mabaya namna hii siji tena hata kwa kuitwa. Akanikumbatia kwa nguvu nisizozitarajia, na mimi mtu mzima nikalia mbele ya mwanafunzi wangu.

Jumatatu nilimwomba anirudishie ile karatasi ya sifuri, niisahihishe upya. Alikuwa ameitunza.