Nafula na Mashine ya Majani ya Wakoli

Sisi watu wa mtaa wa Jericho, Nairobi, kelele hazitutishi. Tumelea watoto katikati ya wachomeleaji vyuma na wahubiri wenye spika mbili mbili, na watoto wakanenepa vizuri tu. Lakini kulikuwa na kelele moja ambayo ilipokosekana, mtaa mzima ulijua. Kila Jumamosi asubuhi, chai ikiwa bado motoni, mashine ya Wakoli ya kupuliza majani ilikohoa kwenye uwanja wa kanisa lililo nyuma ya soko, ikakohoa tena, kisha ikanguruma. Hapo akina mama walitoka mbio kuanua nguo kabla vumbi halijazifikia, huku wakimtukana Wakoli kama mtu anavyomtukana ndugu yake.

Mashine yenyewe aliipata kwa bosi mmoja ambaye Wakoli alikuwa akimtunzia bustani ng'ambo ya jiji. Bosi alipohama alimwachia kama zawadi. Zawadi gani, na ilikuwa imekufa! Ingekuwa nzima ingepanda lori pamoja na makochi. Wakoli akaileta Jericho begani, rafiki yake fundi Ngui akaifufua, na kuanzia siku hiyo mtu aliyekuwa kibarua akawa na kazi yake. Kanisa likampa uwanja wote, ule mkubwa wa mawe ya kupanga, wenye mijakaranda isiyochoka kudondosha majani.

Kisha mvua kubwa za masika zikaja na kifua kikambana. Alikwenda hospitali akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Alirudi kwao Bungoma ndani ya sanduku.

Aliyebaki ni Nafula, mke wake. Mama Lenah, kama tunavyomwita, ni mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ndogo ambayo huwezi kuamini imetoka kwenye mwili ule. Alikuja Jericho akiwa bibi harusi, akapika chapati kwenye kona moja mpaka kona ikaitwa kwa Mama Lenah, akamwoza binti yake, akaimba kwaya safu ya nyuma. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuigusa mashine ya mume wake. Kazi yake ilikuwa kufua mashati yanayonuka petroli, na kufua alifua.

Sasa, kwa watu wake mtu akifa vyombo vyake vya kazi haviguswi. Vinakaa vilivyo mpaka wazee wakutane, nywele zinyolewe, na isemwe mbele ya watu kipi kinaenda kwa nani. Nafula alilishika neno hilo kama mtu anayeshika yai. Mashine ilisimama nyuma ya mlango pale pale alipoiweka Wakoli, naye alikuwa akiipitia kando akifagia. Shida ni kwamba wazee nao walikuwa na lao. Mara huyu yuko safarini, mara yule amenuna kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, mpaka mijakaranda ya kanisa ikachanua na kumaliza kuchanua.

Walipokaa mwishowe, koti lilikwenda kwa Mulongo, kaka mkubwa wa marehemu. Viatu vilipewa mpwa, na redio ikaenda kwa huyo aliyekuwa amenuna. Mashine wakampa Nafula. Lakini Mulongo, mzee wa maneno machache na yote mazito, aliongeza lake.

"Shemeji, ikikulisha kaa Nairobi, hatukukatazi. Isipokulisha urudi nyumbani, tukutunze. Jumamosi nitakuja na lori."

Nafula hakutaka kutunzwa. Alitaka kona yake, kwaya yake na nyumba ambayo mume wake alitokea asubuhi ile ya kwenda hospitali. Akaenda kwa Mzee Bedan, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, kuomba nafasi ya marehemu. Bedan ni mtu anayenung'unika hata akipewa shikamoo. Alikuna kidevu, akasema kuna kampuni ya vijana wenye sare inautaka uwanja.

"Kazi hii ni ya mashine, Mama Lenah. Si ya fagio. Jumamosi asubuhi nikiisikia inanguruma, kazi ni yako. Nisipoisikia, usinilaumu."

Basi Jumamosi moja ikabeba mambo yote mawili. Na mashine, Nafula alipoivuta kamba kwa mara ya kwanza, ilinyamaza kama ukuta.

Ijumaa akaifunga kwa leso, akaibeba mgongoni mpaka kwa fundi Ngui. Ngui huyu ni Mkamba wa kujisifu mpaka usingizini. Juu ya mlango wa kibanda chake, pale ukingoni mwa soko, ameandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA INJINI ILIYONISHINDA. Enzi za uhai wake Wakoli alikuwa akisimama pale, anasoma herufi moja moja kwa sauti kubwa, halafu anauliza, "Na ile ya kinu cha Makongeni?" Ngui anamrushia spana, Wakoli anainama, wateja wanacheka.

"Hodi kwa fundi."

"Karibu, shemeji." Ngui aliinuka, jambo ambalo hafanyi hata askari wa kaunti wakija. Aliona leso, akaona kilichomo, akampangusia kigoda.

"Imekataa," Nafula alisema. "Nimevuta mpaka bega linaniuma."

"Umevuta mwenyewe?"

"Kwani kuna mwingine?"

"Basi umemshinda bwana yako. Yeye alikuwa akivuta mara mbili, anapumzika apige siasa."

Nafula alitabasamu kidogo. Kisha akatoa kwenye kikapu chupa ya soda iliyojaa petroli safi, akaanza kufungua kifuniko cha tangi.

"Ngoja! Simama hapo hapo! Umetia oili?"

"Oili gani? Ya kupikia?"

"Mungu wangu." Ngui aliinyakua chupa. "Shemeji, hii si gari. Haina mahali pake pa oili. Inainywa humo humo ndani ya petroli. Ukiipa petroli tupu itakuchekea kidogo, halafu ishikane vyuma, na hapo nitakuja kwako kukupa pole ya pili."

"Hakuniambia."

"Alikuwa akichanganya huko nyuma ya nyumba. Anapima oili kwa kifuniko cha chupa, kama muuguzi na dawa ya kikohozi."

Nafula akakumbuka mashati. Kumbe ile harufu nzito, ambayo sabuni haikuwahi kuimaliza, ndiyo hiyo.

Ngui alichomoa plagi, akaipangusa, akairudisha kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma, mbali na tangi. Akavuta kamba. Cheche ya buluu ikaruka. "Moto upo," akasema. Akafungua chujio la hewa, akapiga vumbi. "Hewa itapita." Kisha akafungua tangi, akanusa, na uso wake ukabadilika. Ile haikuwa tena harufu ya petroli. Ilikuwa kama rangi ya mlango iliyosahauliwa kwenye mkebe. Alipoifungua kabureta, kidude kisichozidi kiberiti, vitundu vyake vilikuwa vimejaa utando wa kahawia unaonata kama asali iliyoganda.

"Mafuta haya yalitiwa lini?"

"Aliyatia yeye. Jumamosi ile ya mwisho."

"Na hamkuyatoa?"

"Tungeyatoaje? Wazee walikuwa hawajakaa."

Ngui alikuna kichwa. Ya kwao Ukambani anayajua, haya ya Bungoma ilibidi aelezwe. Nafula alimweleza, polepole, macho yake yakiwa kwenye ile asali ya kahawia.

"Shemeji," Ngui alisema mwishowe, "mmeiheshimu hii mashine mpaka mkaiziba koo."

Yalimtoka kama mzaha, lakini hayakutua kama mzaha. Ili kuyafunika akachukua tangi, akageuka kuyamwaga mafuta mtaroni. Mkono wa Nafula ukamshika kwenye kiwiko, kwa nguvu ambayo hakuitegemea.

"Usimwage."

"Yameharibika, Mama Lenah."

"Najua. Aliyachanganya yeye."

Ngui alisimama na tangi lake. Koti lilikuwa limekwenda, viatu vimekwenda, kitanda kimegeuzwa na godoro kuanikwa. Katika mji mzima wa Nairobi, hiki ndicho kitu pekee ambacho mkono wa Wakoli ulikifanya na hakuna aliyekuja baadaye kukitengua. Kikombe kimoja cha mafuta mabovu. Fundi ambaye kwa kawaida hujibu kabla ya kuulizwa alilirudisha tangi juu ya benchi.

Halafu akachukua bakuli la bati, akafunika kwa kitambaa, akayachuja mafuta humo taratibu, asimwage hata tone.

"Kuwasha hayawezi tena," akasema. "Kuosha yanaweza."

Akatoa kichwa nje ya kibanda. "Teresiah! Sogeza jiko lako la mahindi huko mbali, kabla hatujafika mbinguni sote leo!"

"Wewe kule hawakutaki!" Teresiah alijibu, lakini jiko akalisogeza.

Ngui akampa Nafula mswaki wa zamani. Nafula aliketi kwenye kigoda, akachovya kwenye bakuli na kuosha. Aliosha feni na kifuniko chake, akaosha mpini, ambao ulikuwa na weusi wa kiganja cha mtu. Hapo alisita, kisha akaosha na hapo. Kwenye wavu wa kuvutia hewa alikuta kibonge cha vijani vya mjakaranda, vikavu, vimeshikana. Alivikunja kwenye pindo la leso, na Ngui akajifanya anatafuta bisibisi.

Kabureta aliifanya Ngui mwenyewe, kwa petroli mpya na uzi mwembamba wa waya, kitundu baada ya kitundu. Kiwambo cha mpira cha ndani kilikuwa kimekakamaa, akakitoa na kutia kingine kutoka kwa mashine iliyokufa. Lakini kuchanganya mafuta mapya alimwachia Nafula, afanye yeye, kifuniko kwa kifuniko.

"Sasa iwashe tuone," Nafula alisema.

"Nimepaka gundi penye viungo. Ikauke mpaka kesho. Ukiivuta leo unaiharibu." Akamwonyesha kila kitu: bonyeza kipira cha kusukuma mafuta, funga choki, kile kilango cha hewa, vuta polepole mpaka kamba iwe nzito, kisha vuta kwa hasira. Ikikohoa tu, fungua choki. "Ukichelewa kufungua, inalewa mafuta. Hapo toa plagi, ikaushe, anza upya."

"Utakuja kuivuta?"

"Mimi? Bedan hataki kuniona mimi kesho." Akapiga kifua. "Na itawaka. Soma pale juu ya mlango."

Nafula alisoma. Akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Na ile ya kinu cha Makongeni?"

Ngui alitafuta spana ya kurusha. Hakuiona, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Jumamosi lori la Mulongo lilifika mapema, likaegeshwa nje ya lango la kanisa, tupu, mlango wa nyuma wazi. Bedan alikuwa ameshafika, mikono nyuma. Ngui alisimama kando ya lango, mikono mfukoni, akiwa amejizuia kwa nguvu zake zote. Vijana wawili wa mtaa wakaegemea ukuta, wakimtania mama wa watu.

"Mathe, hiyo ni ndege ama?"

"Acha mathe apae, bana."

Nafula hakugeuka. Alibonyeza kipira, akafunga choki, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Mashine ikakohoa, na ile sauti ilimpata kifuani, akasahau choki. Akavuta, akavuta tena, na sasa hata kikohozi hakikuja. Petroli ikanuka.

"Shemeji," Mulongo alisema kutoka langoni, si kwa ubaya. "Inatosha. Twende tukapakie vitu."

Ngui alipiga hatua moja, akajirudisha.

Nafula alipiga magoti juu ya mawe. Akatoa spana ya plagi mfukoni mwa aproni, akafungua. Plagi ilikuwa imelowa. Akaikausha kwa pindo la leso, akaipuliza, akaikausha tena, bila haraka, kama anapangusa pua ya mtoto. Akaikaza mahali pake, akafungua choki, akasimama. Akavuta polepole mpaka kamba ikawa nzito. Kisha akavuta kwa hasira, na hasira alikuwa nayo, aliiweka tangu masika.

Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanguruma.

Moshi wa buluu ukapanda, majani yakaruka juu ya mawe kama kuku waliofukuzwa. Na upande wa pili wa ua, milango ikafunguka. Akina mama wakatoka mbio kuanua nguo, kama walivyozoea, midomo tayari kwa matusi. Wakafika kwenye kamba za nguo. Wakaona ni nani aliyeshika mashine. Wakabaki pale, shuka mikononi, na hakuna aliyetukana.

Mulongo alivua kofia. Aliketi kwenye ngazi ya lori lake na kuusikiliza mngurumo ule, akiwa amevaa koti la mdogo wake. Dereva alipomuuliza kama waondoke au wapakie, alimwashiria anyamaze.

Bedan alimfuata Nafula nyuma nyuma, akilazimika kupiga kelele. "Na kule nyuma ya jikoni usiruke! Marehemu alikuwa akiruka! Kila wiki nilimwambia!"

Nafula alitikisa kichwa kukubali, akaelekea nyuma ya jikoni kwanza.

Uwanja ulipokwisha, Ngui alimfanyia ishara ya kuzima. Nafula hakuzima. Alisimama chini ya mijakaranda, mashine mkononi, ikiendelea kunguruma bila kupuliza kitu, mpaka ikamaliza tone la mwisho lililokuwa tangini, ikatweta, ikanyamaza yenyewe. Akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia. Lilikuwa tupu kabisa, hakuna tone la kubaki likaganda. Ndipo akaifunga kwa leso na kwenda nayo nyumbani.