Tunalala kwa Nani Huko Uskoti

Mdogo wangu wa mwisho alinitumia njia nzima kwa simu kabla sijamaliza kuosha masufuria ya asubuhi. Ilikuwa picha ya ramani ya Uskoti, na juu yake mstari wa buluu uliotoka Edinburgh, ukapanda katikati ya milima, ukavuka daraja kwenda kisiwa cha Skye, ukazunguka pwani ya kaskazini, kisha ukarudi. Chini yake alikuwa ameandika: Dada, chagua unapotaka kupaona. Safari hii ni yako.

Nina mgahawa Mitwero, kando ya barabara ya kuingilia mjini Lindi, na maisha yangu yote nimewapikia watu walio safarini. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kusafiri kwa ajili ya kutazama kitu. Nimesafiri kwenda msibani, kupeleka mgonjwa, kuwapeleka wadogo zangu shule za bweni. Kupanda gari ili ukaone mlima, ushuke, uutazame, upande tena, hilo lilikuwa jambo jipya kwangu. Lakini kupanga safari najua, na picha ile niliitazama kama ninavyotazama sahani ya mpishi mwenzangu.

Mdogo wangu wa pili, wa kiume, anaendesha lori la chumvi, na siku hiyo alikuwa amepita kula. Akaikuza ramani kwa vidole. Akasema barabara za huko juu ni nyembamba, gari moja tu, zimewekewa sehemu za kupishana, na kondoo wakilala katikati unawasubiri mpaka waridhike. “Kondoo wa kule wana heshima kuliko abiria wa huku,” akasema. Jambo lililomfurahisha ni kwamba wanaendesha kushoto kama sisi.

Nikampigia yule wa mwisho, anayeishi huko Uskoti. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamwambia njia nimeiona, ni nzuri, ila haijakamilika. Akauliza imepungua nini.

“Tunalala kwa nani?”

Akacheka. Akanieleza kwamba kila mahali kuna nyumba za wageni, unaweka nafasi kwa simu, unapewa ufunguo, asubuhi unapewa chai. Nikamwambia gesti hata Lindi zipo, mimi namuuliza mtu. Skye kuna nani? Hakuna, dada, kule tunakwenda kutazama milima. Inverness? Akafikiri kidogo, akasema Inverness anajua kituo kizuri cha mafuta. Ndugu yetu, mdomo umejaa muhogo, akadakia kwamba basi tulale kwa kituo cha mafuta, na tusisahau kumpelekea zawadi. Tukacheka wote watatu, lakini mimi niliacha wa kwanza. Alikuwa amekaa kule miaka sita. Ramani nzima ya nchi, kusini mpaka kaskazini, na hakuna mlango hata mmoja ambapo angeweza kubisha hodi.

Sikuitoa hewani kanuni hiyo ya kuuliza mtu. Baba na mama walipofariki, baba akitangulia na mama akifuata, tulikuwa tunaishi Miteja. Nilikuwa darasa la sita na sikuendelea tena. Ikabidi niwalete wadogo zangu Mitwero kwa mama mdogo, ambaye alikuwa na chumba cha kutulaza. Barabara wakati ule ilikuwa udongo mweusi, mvua ikinyesha magari yanazama mpaka kwenye ekseli. Kabla hatujaondoka nilizunguka kwa majirani nikiuliza jambo moja: Nangurukuru mama anafahamiana na nani, Kiranjeranje na nani, Mchinga na nani. Nikayashika majina kichwani kama watoto wengine wanavyoshika jedwali la kuzidisha.

Lori la ufuta tulilopanda likakwama Kiranjeranje. Watu wazima wakalala juu ya magunia. Mimi nilimbeba mdogo wangu wa mwisho mgongoni, wa pili nikamshika mkono, tukaenda kuulizia nyumba ya mwanamke aliyechezwa unyago siku moja na mama yetu. Sikuwa nimemwona maishani. Nilipobisha hodi na kutaja jina la mama, alifungua mlango kabla sijamaliza maelezo. Tulilala pale mpaka barabara ilipokauka. Alitusuka nywele, akatupikia uji wa mtama, akamkaripia dereva kana kwamba sisi ni wanawe. Tulipoondoka alitusindikiza mpaka garini akaniambia nikipita tena nisipite kimya. Sijawahi kupita kimya. Hata leo, basi likisimama Kiranjeranje, nashuka kumjulia hali.

Huyo aliyekuwa mgongoni ndiye aliyenitumia mstari wa buluu.

Siku zilizofuata aliendelea kunitumia picha. Maziwa meusi katikati ya milima, ngome juu ya mwamba, fukwe nyeupe ambazo ungedhani ni zetu kama si watu kuvaa makoti. Kila picha nilimsifia, na kila picha nilimuuliza swali lile lile. Mwishowe akakasirika kidogo. Akasema dada, hapa watu hawaishi hivyo, huwezi kwenda nyumbani kwa mtu hivi hivi, watashangaa. Nikamwambia washangae, kisha wafungue. Akasema mimi sielewi. Nikamwambia naelewa vizuri sana. Mimi nitakaa wiki tatu halafu nitarudi Mitwero kwenye masufuria yangu. Yeye atabaki. Ngome hazitamjulia hali akiugua.

Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu kisicho na maana, akasema kuna mama mmoja.

Walifanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee. Yule mama alikuwa mpishi, mjane, mkali kidogo, na ndiye aliyemfundisha kuvaa soksi mbili wakati wa baridi. Alipostaafu alirudi kwao, kijiji cha wavuvi kaskazini kabisa, mbele ya Ullapool. Kila mwaka anamwandikia aende akakae kwake.

“Na wewe unamjibu nini?”

“Namjibu asante. Dada, hao husema tu. Ni uungwana.”

Nikamuuliza mtu anayesema kwa uungwana husema mara ngapi. Nikamwambia atume njia nyingine, na safari hii ianzie katika nyumba ya huyo mama, ndipo irudi nyuma mpaka Edinburgh. Akalalamika kwamba tukienda mpaka kule na kulala siku zinazostahili, Skye itatushinda. Nikamwambia Skye tuiache, milima haina haraka.

Ndugu yetu aliuchora upya mstari kwenye simu yake, akanionyesha. Ulikuwa umenyooka zaidi, na haukuwa na daraja la kisiwani. Akasema nimeharibu utalii wa watu. Halafu akaenda zake, na siku mbili baadaye akarudi na korosho nzuri kutoka kwa rafiki yake wa Mtama, zile nyeupe kubwa, za kumpelekea mama wa watu. Mimi nikaagiza mkeka wa ukili kwa fundi wa Songo Mnara, mdogo, unaoweza kukunjwa ukaingia begini. Nyumba ya mtu huingii mikono mitupu, hata iwe wapi.

Bado ilibaki yeye kupiga simu kule na kuomba. Kwa wiki nzima hakunigusia. Nami sikumsukuma. Niliwalea hawa wawili, najua ni lini wasukumwe na lini waachwe wasogee wenyewe.

Jumapili moja mchana alinipigia kwa video. Nilikuwa nakuna nazi. Nyuma yake hapakuwa na ule ukuta wa kijivu wa chumba chake niliouzoea. Palikuwa na jiko lenye dirisha, na dirishani bahari, na mashua zimefungwa. Nikamuuliza yuko wapi.

Akasema ameamua kuja kuitazama barabara kabla sijafika, asije akanipotezea njia. Amekuja kwa treni, kisha basi, na yuko hapo tangu Ijumaa. Alikuwa amevaa sweta kubwa ambalo halikuwa lake.

“Ameniuliza kwa nini miaka yote sikuja. Nimjibu nini?”

“Mwambie ulikuwa huna dada wa kukusumbua. Sasa amepewa tiketi.”

Akageuka akamtafsiria mtu nisiyemwona, na nikasikia kicheko kikavu cha mtu mzima. Kisha uso wa yule mama ukajaa kwenye kioo, karibu mno, kama watu wa umri wake wanavyoshika simu kila mahali. Nilimwamkia shikamoo. Mdogo wangu akamfundisha jibu, akalisema kwa shida, akalirudia mpaka likakaa sawa. Halafu akauliza maswali mawili, mdogo wangu akiwa mkalimani: kama nakula samaki, na kwa nini tumepanga kulala kwake siku mbili tu.

Nikamwambia samaki nakula. Hilo la siku, nikasema, nitamwachia mdogo wangu ajibu, kwa sababu mwenyeji ni yeye.