Usimwage Dawa ya Nyanya Kwenye Kichuguu

Mwaka wa 1988 nilikuwa na miaka kumi na tisa, tumetoka kurudi kwetu Aroi, hapa Uganda, kutoka ukimbizini Kongo, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Kaa nikuambie, mwanangu. Jana nimeiona pampu yako ya kupulizia nyanya imeegemezwa kwenye kichuguu, na tangu hapo chakula hakinishuki.

Baba alifia hukohuko Kongo. Alituachia kichuguu kimoja tu. Ninyi wa leo mnacheka, lakini kwetu kichuguu kina mwenyewe kama shamba. Babu humgawia mwanawe, na ukikiharibu, ukoo mzima unakaa kukusema. Mimi niliishia darasa la tatu, nikaamua nitakuwa tajiri wa nyanya. Nikalima kando ya kichuguu kile, mchwa wakaikata miche yangu. Nikaenda sokoni Koboko, nikanunua dawa ya wadudu iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi, haina jina.

"Hii iko kali," muuzaji akaniambia. "Hata nyoka inakufa."

Sikuuliza zaidi. Sikutaka ajue kwamba sijui. Nikapulizia nyanya, na iliyobaki, kama nusu chupa, nikaimwaga bila maji kwenye matundu ya kichuguu. Mama sikumwambia. Hasira yangu ilikuwa kwa mchwa, lakini kichuguu kilikuwa cha baba.

Siku ya tatu mvua ikanyesha mchana, kisha jua likatoka. Nilikuwa Arua mjini. Niliporudi nikamkuta mama amekaa na ungo mapajani, anatafuna kumbikumbi wabichi na uso umemng'aa.

"Njoo, kijana yangu! Leo hata sikupiga debe kuwaita watoke kichuguuni. Wengine hawaruki kabisa, wanatambaa tu, nimewaokota kama mahindi. Baba yako ametukumbuka."

"Mama, umekula wengi?"

"Viganja vinne hivi. Wako hao, usininunie."

Nikaunyakua ungo, nikaumwaga jikoni motoni. Mama akang'aka, "Unachoma chakula? Umekunywa waragi wa nani mchana huu?" Hapo ndipo ilinipasa kusema, mwanangu. Nilijiambia labda si kitu. Sufuria ya maharage ilikuwa haijachemka, jasho likaanza kumtoka kama amemwagiwa maji. Mate yakamtiririka. Mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, na nyama za mikono zikawa zinarukaruka zenyewe, kama kuna kitu chini ya ngozi kinatafuta njia.

Nikampakia kwenye baiskeli, nikamfunga mgongoni mwangu kwa kitenge, nikakanyaga mpaka hospitali. Mate yake yalilowesha shati langu lote. Na njia nzima, nisikufiche, nilikuwa napanga uongo.

Daktari aliyetupokea aliitwa Abdu, Mnubi wa Koboko, mtu mfupi asiye na subira.

"Amekula nini?"

"Kumbikumbi tu."

"Kumbikumbi mimi nakula tangu mtoto. Haifanyi mutu hivi."

Nikageuza macho kando. Kitanda cha pili alikuwako mama mmoja wa Aroi anamuuguza mtoto wake, masikio yote kwetu. Nikawaza, nikisema, kabla sijafika nyumbani ukoo utakuwa umeshajua. Mama akaanza kukoroma kwa mate kifuani. Daktari Abdu akanishika kola.

"Unaogopa nani hapa? Mama yako anazama, na mimi natafuta malaria!"

"Nilimwaga dawa ya nyanya kwenye kichuguu."

Akanizaba kofi, kisha akakimbilia sindano.

Alimdunga, akasubiri, akamdunga tena. Mimi nilikaa sakafuni nikihesabu pumzi zake, na kila moja nilidhani ndiyo ya mwisho. Kifua kilipoanza kukauka, Daktari Abdu akaketi karibu yangu akanieleza, na sijalisahau neno lake hata moja.

"Sikia. Ndani ya mwili kila chembe iko na milango. Mshipa wa fahamu unatuma mjumbe, mjumbe anagusa mlango kwa nje, haingii. Lakini ndani kuna wanaoamka. Huyu anamwambia yule, yule anamwambia mwingine, mpaka mate yanatoka, kifua kinabana. Mjumbe akimaliza, kuna mfagiaji anamwondoa, ndani wanapumzika. Dawa yako imemfunga mikono mfagiaji. Wajumbe wamejaa, wanagusa, wanagusa, ndani hakuna anayelala. Sindano yangu inakaa mlangoni, inawazuia."

"Lakini ile ni dawa ya wadudu," nikasema.

Akanitazama kwa huruma, na hiyo iliniuma kuliko kofi. "Mchwa naye iko na mjumbe huyohuyo, na mfagiaji huyohuyo. Unafikiri Mungu alitafuta fundi mwingine kwa ajili ya mama yako?"

Mama alipona. Vidole vyake vilibaki na mtetemo, na hakuniuliza kitu mpaka anakufa, miaka mingi baadaye. Ukoo ulinikalisha, nikasema yote mbele yao. Kuyasema kulikuwa kwepesi kuliko kuyaficha. Kama ningelisema saa ile mama ana ungo mkononi, angelifika hospitali mapema.

Basi, mwanangu, mimi sina elimu ya kalamu, nina ya masikio. Dawa isiyo na karatasi usiinunue, hata akikuapia. Iliyobaki usimwage kwenye kichuguu wala kijitoni. Pampu ikae mbali na jiko na watoto. Na ukikosea, sema saa hiyohiyo, hata kama yupo wa kukucheka. Mwili hausubiri aibu yako iishe. Leo kabla jua halijashuka, ondoa ile pampu pale. Mungu akulindie mikono na pumzi, akupe nyanya nyingi, na wanaokula kutoka mkononi mwako waamke salama.

Nina heka sita Aroi. Nina nyumba mbili za bati Mvara, kule Arua mjini. Nina ng'ombe tisa, mashine ya kusaga, pikipiki moja. Vichuguu vingine vitatu, vyote hutoa kumbikumbi kila mwaka. Na kile cha baba, hakijatoa hata mmoja tangu mwaka ule.