Kibali Kilichopitia kwa Mama

Mara ya kwanza katibu muhtasi wa idara yetu aliponirudishia barua, nilimchukia. Mara ya pili nilimchukia zaidi. Alikuwa mama wa makamo, mtandio kaufunga vizuri, miwani inaning'inia kifuani, na hakuwa na haraka na mtu yeyote duniani.

"Mwanangu," akaniambia, "umemwandikia Makamu Mkuu wa Chuo moja kwa moja. Msimamizi wako umemrukaje? Mkuu wa idara je? Andika 'Kupitia kwa', uwataje mmoja mmoja, kila mtu atie saini yake ndipo iende juu. Hapa barua hairuki kichwa cha mtu."

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nasomea magonjwa ya mwani, mwani huu ambao wanawake wa kwetu Bagamoyo wanaufunga kwenye kamba kisha wanautazama unavyooza. Maabara moja ya nje ilikuwa imenikubali niende wiki sita nikajifunze kuupima. Tiketi juu yao, malazi juu yao. Walichotaka kwangu ni kibali cha chuo kabla mwezi haujaisha. Kisipofika, nafasi anapewa mwingine. Chuo nacho hakitoi kibali bila nakala ya pasi ya kusafiria, na mimi pasi sikuwa nayo. Ningekuwa nayo ya kwenda wapi?

Ofisi ya pasi ikataka cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Kama hana, basi mzazi mwenyewe aende kwa wakili akaape kwamba kazaliwa hapa nchini na kwamba mimi ni mwanawe. Baba alikuwa amefariki, hajatimiza miezi miwili kaburini. Mama alizaliwa nyumbani, kwa mkunga, cheti hakukijua. Na mama alikuwa amekaa eda.

Kwetu mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hajifukizi udi, hakai na wanaume wasio maharimu zake, yaani wanaoweza kumwoa. Mama yangu aliishika eda ya baba kama anavyoishika saumu. Chumba chao, ambacho tangu nazaliwa kilikuwa kinanukia udi, sasa kilinukia sabuni ya kufulia tu. Nilijua yote hayo, na bado nilipanda basi nikaenda, na kesho yake asubuhi nikamwambia.

"Saa moja tu, mama. Ofisi ya wakili ipo hapo barabarani. Utajifunika, bajaji itakuchukua mlangoni."

"Haya," akasema. "Kesho nitatoka."

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa uani anachambua mchele. Kumbe kasikia. Aliingia na ungo mkononi.

"Nani atatoka? Kwenda wapi?"

Nikaeleza. Mtume! Shangazi aliwaka.

"Jana usiku si wewe uliyekuwa ukitulalamikia hapa, huko chuoni karatasi moja inapita kwa watu watano? Huko unaweza kupita kwa watano, nyumbani kwenu hata mmoja humwoni? Mambo ya eda ya kaka yangu unakwenda kumshika mama yako mkono, mimi nipo uani hapa? Mama yako akikwambia hapana, atalala? Ndiyo maana ulitakiwa uje kwangu kwanza, nikukatalie mimi!"

Nina mdomo, kila mtu anajua, lakini alichosema kilikuwa kweli. Kwetu jambo zito linapitia kwa shangazi, ili mama asilazimike kumkatalia mwanawe. Nilikuwa nimemweka mama yangu kati ya mume aliyekufa na mtoto aliye hai, na yeye kanichagua mimi bila hata kuomba usiku mmoja wa kufikiri. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Usitoke, mama," nikamwambia. "Safari zipo nyingi." Nilikuwa najua hazipo.

Jumatatu nikaandika barua ya kujitoa, safari hii kwa utaratibu wote, kupitia kwa fulani na fulani. Nikaiweka mezani kwa katibu muhtasi. Aliivalia miwani, akaisoma yote, akanirudishia.

"Hii sipitishi."

"Kuna nilichokosea tena?"

"Umekosea kuiandika. Kaa."

Nilikaa, nikaanza kueleza kwa hasira, nikamalizia kwa kulia, kamasi na kila kitu, mbele ya mafaili ya watu. Akanipa kitambaa chake. Akaniambia yeye naye alishakaa eda, mtoto wake wa mwisho akiwa bado ananyonya, na kwamba kile kipindi kilimponya, asingekubali mtu amkatishe. Kisha akachukua simu, akampigia binti mmoja aliyewahi kusoma chuoni kwetu, wakili, anaishi Mapinga, si mbali na kwetu. Alizungumza naye kama anavyozungumza na sisi sote, kwa kutuamrisha. "Mama yake hatoki. Basi utakwenda wewe. Na mhuri wako."

Safari hii nilipiga simu kwa shangazi kwanza. "Mwanamke?" akauliza. "Mwanamke, shangazi." "Basi aje. Mbona mlikuwa mnanihangaisha?"

Wakili alikuja Jumamosi asubuhi na mkoba wake. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia shangazi, akampa mama pole ya msiba, akakaa mkekani. Mama alikwenda kutawadha kwanza. Kuapa bila udhu alisema hathubutu. Aliporudi, wakili akamsomea karatasi polepole, kisha akamuuliza kama anathibitisha kwamba mimi ni mwanawe wa kumzaa.

"Huyu?" mama akasema. "Siku nzima na usiku wake alinisumbua kutoka. Kama si wangu, basi nani alinipa taabu ile?"

Shangazi akacheka mpaka akajifuta macho. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko ndani ya nyumba ile tangu msiba. Mama alitia saini, taratibu, herufi kubwa kubwa. Wakili akagonga mhuri juu ya kibao cha kusukumia chapati, maana meza hatukuwa nayo chumbani. Malipo alikataa, akasema kashaamrishwa. Aliondoka na vitumbua kwenye kopo.

Pasi ikatoka, saini zikapangana, kibali kikafika siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Katibu muhtasi alinikabidhi bila kutabasamu. "Ukirudi, ripoti ya safari. Kupitia kwa nani?" "Kwako, mama," nikamjibu, na ndipo alipocheka.

Siku ya kuondoka, nyumba nzima ilinisindikiza mpaka stendi, isipokuwa mama. Yeye aliishia kwenye kizingiti. Alinisomea dua, akanishika kichwa, na miguu yake ikabaki ndani ya mlango. Niligeuka mara tatu.

Wiki sita zile nilijifunza mengi, na yapo kwenye ripoti. Ambalo halipo kwenye ripoti ni kwamba eda ya mama iliisha siku moja kabla sijarudi. Wakamwogesha, wakamvika nguo mpya, jamaa wa mji mzima wakimngoja aanze kuwazungukia, kama ilivyo ada. Akagoma. Shangazi ndiye aliyenisimulia, akijifanya kakasirika: "Kasema mguu wake wa kwanza nje ya mlango hauendi nyumbani kwa mtu. Nikamwambia haya, mimi naruhusu."

Haya nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilitoka tu uwanja wa ndege Dar na begi langu, nimechoka, watu wamesongamana kwenye uzio wa vyuma, natafuta sura ya mtu yeyote wa kwetu. Kabla sijaona sura yoyote, nilisikia udi.