Umeruka Mstari

Fundi vioo alikuwa na mke mmoja, mwigizaji, lakini mtaa mzima uliamini kwamba mwanamke yule ana waume wawili, na kwamba fundi ndiye wa akiba. Mume halali, machoni pa watu, alikuwa yule wa kwenye televisheni. Ni bwana mnene wa suti na sauti nzito, jina lake la utani Mheshimiwa, ambaye kwenye tamthilia ya familia alimdanganya mkewe jioni ya leo, akamlilia ya kesho, akasamehewa ya keshokutwa. Mke mwenyewe kwa kusamehe huko walimbandika jina la Mama Subira, wakamwita hivyo sokoni, wakamwita hivyo kliniki, tena mbele ya mume wake wa kweli, aliyekuwa amesimama pembeni kama dereva anayesubiri abiria.

"Shemeji," kinyozi alikuwa akimtania, "jana Mheshimiwa kamkumbatia mkeo nusu saa nzima. Ulipata usingizi kweli?"

"Nililala fofofo," fundi alijibu. "Yule ana vidonda vya tumbo. Wakimaliza kukumbatiana anakimbilia maziwa."

Msidhani alikuwa akijikaza kisabuni. Wivu hakuwa nao, na kama angekuwa nao ningewaambia, maana habari za wivu hunoga zenyewe bila kutiwa chumvi. Kilichokuja kumsumbua kilikuwa kitu kingine, na kilianzia mezani jikoni kwake mwenyewe.

Mwigizaji hawezi kujifunza maneno peke yake. Lazima awepo mtu wa kumsomea upande wa pili, yaani maneno ya wenzake, ili naye ajibu. Fundi ndiye aliyekuwa upande wa pili. Alivaa miwani yake ya kusomea, akashika karatasi, akawa Mheshimiwa. Ukurasa ukigeuka akawa mama mkwe, akawa daktari, siku nyingine akawa jambazi aliyevunja dirisha, jambo lililomchekesha kwa sababu kuvunja madirisha hakukuwa upande wake wa biashara. Sauti haikubadilika hata chembe. Binti yao, aliyekuwa kidato cha tatu, alisema baba anasoma kama anatangaza ratiba ya treni.

Kwa hiyo maneno matamu kuliko yote yaliyotamkwa katika nyumba ile yalitungwa na mwandishi ambaye hakuna aliyemkaribisha. "Wewe ndiye pumzi yangu," fundi alisoma, huku akibandua silikoni iliyokaukia kwenye kucha. "Basi pumua kwingine," mkewe alijibu, huku akimenya viazi. Kisha wote wawili wakaangua kicheko. Zamani, wakishamaliza kusoma, waliweka karatasi kando wakaanza mazungumzo yao wenyewe, na hayo ndiyo yaliyokuwa marefu. Kusoma kulikuwa kisingizio tu cha kukaa pamoja.

Halafu tamthilia ikapendwa kupita kiasi, kituo kikaamua ionyeshwe kila siku. Kurasa zikawa furushi. Zilizoandikwa asubuhi zilibadilishwa mchana, na za mchana zikafutwa kabla wino haujapoa. Mwigizaji mmoja aliyekuwa akiigiza dada mtu alisahau maneno mbele ya kamera siku mbili mfululizo, akamwaga unga. Tangu hapo mkewe fundi alirudi nyumbani roho juu. Mezani hakukuwa na utani tena. Fundi akiongeza neno lake, au jicho likimteleza, alisikia kauli ile ile: "Umeruka mstari." Naye alirudi nyuma, akasoma upya. Wakimaliza, mkewe alikuwa hoi, na hao wakaenda kulala kama wafanyakazi wa zamu moja.

Sasa njooni kwenye kazi ya fundi. Walikuwa wakipachika vioo katika jengo refu jipya, ghorofa za juu kabisa. Kioo kikubwa hushikwa kwa vishikio vya mpira vinavyokinyonya, watu wawili, mmoja kila upande, wamefungwa mikanda kwenye jukwaa la vyuma. Mwenzake upande wa pili alikuwa rafiki yake wa miaka, waliyemwita Mrefu kwa sababu alikuwa mfupi. Asubuhi moja mpira wa fundi uliachia. Kioo kikaenda. Chini hapakuwa na mtu, kilipasukia kwenye lundo la mchanga, na mkanda ulimshika fundi asikifuate. Hakupata hata mchubuko. Msimamizi alichungulia chini, akasema, "Mungu mkubwa. Leteni kingine." Kikaletwa, wakakipachika.

Lakini kuanzia siku ile kuna kitu kililegea ndani yake. Kila akipanda, viganja vililoa jasho, na jasho na kioo havipatani. Mikono ikaanza kutetemeka. Alijua vizuri kwamba anayetetemeka upande huu anaweza kumwua aliye upande ule, na upande ule alikuwa Mrefu, mwenye watoto wadogo. Alitakiwa kusema. Ila waliowahi kufanya kazi mahali penye wanaume watupu wanajua: ukisema unaogopa, utaitwa jina jipya kabla ya chai ya saa nne, na jina hilo utazeeka nalo. Alitaka kwanza amwambie mtu mmoja tu. Akisikia huyo asicheke, basi msimamizi naye ataambiwa. Na mtu huyo, nani mwingine, alikuwa mkewe.

Alingoja nafasi. Nafasi hakuna. Jioni moja mkewe alikuwa anaosha vyombo, amempa mgongo, na fundi yuko mezani na miwani yake, anasoma Mheshimiwa. Akafika pahali palipoandikwa: "Mke wangu, kuna jambo nimekuficha."

Akaisoma. Sentensi ile ilikuwa yake. Mtu asiyemjua alikuwa amemfungulia mlango. Aliteremsha karatasi, akapiga moyo konde, akasema, "Siku hizi naogopa kupanda. Mikono inatetemeka. Naona nitaanguka."

Maji yaliendelea kutiririka. Mkewe hakugeuka.

"Umeruka mstari, baba watoto," alisema. "Hapo unaniambia una mtoto wa nje."

Fundi aliutazama mgongo ule. Kisha akainua karatasi, akautafuta mstari kwa kidole, akaupata. "Nina mtoto wa nje," akasoma, kwa sauti ile ile ya ratiba ya treni. Na mkewe akaanza kulia, kilio cha kukatakata maini. Akamwuliza mumewe tangu lini, na kwa nini hakumwambia, na kama amewahi hata siku moja kumnyima sikio. Alilia vizuri mno. Fundi hakuwahi kuumia hivyo maishani, na ajabu ni kwamba ilibidi ageuze ukurasa ili mkewe aendelee.

Neno kama lile mtu hulitoa mara moja. Kulirudia ni kazi nyingine. Kesho yake alijaribu, akamkuta mkewe amelala juu ya karatasi, kalamu mkononi. Keshokutwa akakata shauri kwamba macho yanamuuma, hawezi kusoma tena.

"Unaniacha wakati huu?" mkewe alimaka. "Unajua wenzangu wanavyotupwa nje, halafu leo ndiyo macho yanauma?"

"Yanauma, mama. Nifanyeje?"

Mkewe akaenda kumwomba Mheshimiwa amrekodie maneno yake kwenye simu. Basi kila jioni sauti nzito ya mwanamume mwingine ikawa inatoka karibu na jiko, ikiapa, ikitubu, na mama watoto akiijibu. Fundi alikaa sebuleni akisikiliza. Huko ndiko wazo baya lilikomjia: labda alisikia. Labda alinisikia vizuri kabisa, akaona afadhali mtoto wa nje kuliko mume mwoga. Lilipokwisha kuingia, halikutoka. Akaanza kumjibu mkewe kwa neno moja moja, na asubuhi aliondoka bila kuaga, akaenda kupanda jengo lake na hofu ile ile.

Siku moja, baada ya chai ya saa nne, alikuwa amekwisha kufunga mkanda, mguu mmoja kwenye ngazi. Mrefu alikuwa juu tayari, anamwita. Simu ikalia. Mkewe hakuwa na desturi ya kupiga akiwa kazini. Pale kwenye kamera simu huzimwa.

"Uko juu au uko chini?" mkewe aliuliza, hata salamu hakuna.

Fundi akaishika ngazi. "Chini."

"Usipande. Mume wangu, nakuomba, usipande. Nakuja."

"Kuna nini?"

Mkewe alikuwa anahema. "Leo ndiyo tumepiga ile ya mtoto wa nje, iliyokuwa ikiahirishwa. Mheshimiwa kamaliza kuungama habari za mtoto, nami nikawa nangoja aseme na lile la kuogopa kupanda. Si ndivyo ulivyonisomea? Nilidhani ni kupanda jukwaani, mambo yake ya kugombea ubunge. Nilidhani ulirukia ukurasa wa mbele. Nimengoja mpaka mwongozaji kakata, kanifokea. Nikamwuliza mwandishi, lile la kuogopa mmelitoa lini? Kaniambia halijawahi kuwemo." Sauti ikakatika kidogo. "Halijawahi kuwemo, baba watoto. Lilikuwa lako."

Alifika kwa pikipiki, na kufika kwenyewe kulikuwa kioja. Mambo ya mtoto wa nje Mama Subira alikuwa anaambiwa akiwa kitandani hospitali, kwa hiyo alikuja na gauni la wagonjwa, kichwa kimefungwa bandeji, na bandeji imepakwa damu ya rangi. Mlinzi wa geti alimkimbilia na kiti. Wapiga rangi waliacha rangi, waliokuwa wakichanganya saruji wakaacha koleo. "Mama Subira! Jamani, wanakuja kupiga picha hapa!" Wakawa wanachungulia huku na huku kuitafuta kamera. Mrefu akateremka kuona kulikoni, na msimamizi akatoka ofisini na kikombe chake.

Mkewe hakumwangalia yeyote. Alisimama mbele ya mumewe, vumbi limemjaa kwenye ndala za hospitali.

"Sema tena," alimwambia.

"Hapa?"

"Hapa. Nyumbani sikukusikia."

Fundi aliwatazama watu, akamtazama Mrefu, akamtazama msimamizi na kikombe. Alijua kwamba akilimeza neno lile mara hii, atapanda leo, na siku moja atamshusha Mrefu pamoja na kioo.

"Naogopa kupanda," alisema. "Tangu kile kioo kiachie, mikono inatetemeka. Siwezi tena."

Watu wakapiga makofi. Kweli kabisa, walipiga makofi, na mmoja akapaza sauti kutoka ghorofa ya kwanza, "Rudia, mzee, hujaitazama kamera!" Fundi alitamani ardhi immeze. Lakini mkewe hakugeuka kuwatazama, wala hakutoa chozi, yeye ambaye machozi alikuwa nayo ya kumwaga. Alimshika viganja vyote viwili, na vilikuwa vimelowa.

"Nimesikia," alisema.

Makofi yakapungua yenyewe. Mrefu akasogea karibu. "Kumbe ni wewe!" alisema. "Wiki zote hizi naona kioo kinatetemeka nadhani ni mimi. Nimeshaenda mpaka kupima presha." Hakuna aliyecheka, mpaka Mrefu mwenyewe alipoanza. Msimamizi alimwaga chai iliyobaki, akasema meza ya kukatia vioo iko chini na haina mtu, ahamie huko kuanzia kesho. Jina jipya alipewa, sitawaficha. Walimwita Rubani kwa muda mrefu. Akaliitikia.

Mke naye alilipia. Aliyeondoka kwenye kamera katikati ya kazi, na gauni la watu mwilini, hawezi kurudi akapokewa kwa maua. Ila kwenye tamthilia hakuna anayefukuzwa hadharani. Mwongozaji akikuchoka, mhusika wako hupewa safari. Wiki ile ile watazamaji walimwona daktari akimwambia Mheshimiwa kwamba mkewe amepelekwa kutibiwa ng'ambo, na hali yake haijulikani. Mama watoto alilitazama tukio hilo sebuleni, akalia, na safari hii hakulia vizuri. Pua ilimvimba, akamkemea binti yao bila sababu. Alikuwa akiipenda kazi yake. Fundi alikaa naye mpaka kilio kilipokwisha, kisha wakazungumza, kwa kusuasua, kama watu waliopotezana miaka. Baadaye alipata kazi ya kusoma matangazo ya redio, maneno machache, hayahitaji upande wa pili.

Mtaa ndio uliokataa kuzoea. Kila alikopita fundi aliulizwa habari za mgonjwa wa ng'ambo. Jumamosi moja, amekaa kwenye kiti kwa kinyozi na shuka shingoni, kinyozi alizima mashine kabisa, akamwinamia sikioni ili wateja wengine wasisikie.

"Shemeji, wewe uko ndani, sisi tutakufa roho juu. Niambie ukweli. Mama Subira anarudi lini?"

"Amesharudi," fundi akamwambia. "Ninyoe haraka, ananisubiri."