Koplo Wangu wa Vidunda

Kule Kongo nilikuwa kapteni, mwepesi wa hasira, najiona simba. Alfajiri moja waasi walitupandia kilimani. Risasi zilichana mifuko ya mchanga. Mpishi wetu alipasuliwa kichwa akiwa bado na mwiko mkononi. Handaki letu la mbele likanyamaza, nami nikaamini vijana wameshatoka kama nilivyoamuru na waasi wameliingia. Sikuuliza. Nikaagiza kombora lipigwe palepale.

Lilipotua nikasikia sauti ya koplo wangu, kijana wa Vidunda. Miguu yote miwili ilikuwa imekatika. "Afande, nichukue," aliita, tena na tena. Zilikuwa hatua thelathini tu. Nililala kifudifudi, nimeuma meno, mpaka akanyamaza.

Kwenye ripoti niliandika kwamba ameuawa na adui. Karatasi haina aibu.

Kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Kilosa, wilaya yake, nikapewa kazi ya kusindikiza mwili. Tulipoupita mji wa Mikumi na kuanza kupanda mlima wa Vidunda nilimtukana dereva bure kwa ajili ya mashimo, huku moyoni nikikariri uongo wangu.

Mama wa marehemu alikuwa amekaa mkekani. Nikainama, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwapo. Nani kamuua?"

Uongo ukanikauka kinywani.

"Mimi, mama," nikasema, nikamweleza habari ya lile kombora.

Nilitamani anipige.

"Alikufa palepale?"

"Hapana. Aliniita."

"Ukaenda?"

"Niliogopa, mama. Sikwenda."

Kaka wa marehemu alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Alinikaba shingo, akanibamiza ukutani, akanipiga ngumi za uso mpaka jino likatoka. Sikuinua mkono. Nilijua zile ngumi ni haki yangu, na bado ziliniuma. Wazee walimvuta, hakuvutika. Mama yake alipomwambia aniache, akaniacha.

Makaburini vijana wawili walikuwa wamepangwa kuingia shimoni kupokea jeneza. Mama akawazuia.

"Shuka wewe," akaniambia. "Leo nenda ukampokee."

Nikashuka na gwanda langu, damu ikinitiririka kidevuni. Lakini jeneza halipokelewi na mtu mmoja. Watu wakatazamana. Ndipo kaka yake akavua viatu, akashuka upande wa pili, na ngumi zake bado zina damu yangu.